Naomba ushauri: mifupa ya nyangumi peke yake inathibitisha uwindaji?

Habari zenu wakuu. Naandika tasnifu kuhusu Wabaski (watu wa mpakani mwa Hispania na Ufaransa) waliovuka Atlantiki karne ya 16 kuwinda nyangumi Red Bay, pwani ya Labrador, Kanada. Pale ushahidi umejaa: majiko ya mawe ya kuyeyushia mafuta, mengine bado yana masizi ya mafuta yaliyoungua, vigae vyekundu walivyobeba kutoka kwao, mapipa, na meli iliyozama 1565 ikagunduliwa 1978.

Nimekwama kwenye maeneo yenye mifupa tu. Nyangumi anaweza kufa mwenyewe, mawimbi yakamtupa ufukweni, watu wakajikatia nyama bila kurusha chusa hata kimoja. Alama za visu zitafanana tu! Mliosomea akiolojia, mnatofautishaje? Vipimo vya DNA vinasaidia hapo, au bila chusa na majiko nisithubutu kuandika "uwindaji"?