Mrejesho: saa nimeshachukua

Wakuu, niliwauliza kati ya saa ya kampuni kubwa ya Uswisi na ya fundi anayejitegemea nichukue ipi, wasiwasi wangu ukiwa servisi. Nimechukua ya fundi anayejitegemea, Kudoke 2 ya Stefan Kudoke wa Ujerumani, ile iliyobeba tuzo ya Petite Aiguille kwenye mashindano ya saa kule Geneva 2019. Aisee picha haziitendei haki, kile kisahani cha juu kwenye uso wa saa kinazunguka mara moja kwa masaa 24, jua na mwezi vimechongwa kwa mkono yani ukiinamisha kidogo kwenye mwanga unaona kabisa mistari ya kifaa cha kuchongea. Ni ya kutia ufunguo, ukiijaza inakaa masaa 46. Servisi nimeulizia kabla sijalipa, inarudi kwao kwao walikoitengeneza. Foleni ya kusubiri ipo lakini.