Nimekulia Igombe, nataka kusomea bahari. Naombeni ushauri

Mtoto wa Igombe:
Habari zenu wakuu. Nimemaliza kidato cha sita, tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Tangu sekondari moyo wangu uko kwenye matumbawe, mikoko na viumbe wanaoishi humo. Kikwazo kiko nyumbani. Mjomba anayenisomesha ana mitumbwi ya dagaa hapa Ziwa Victoria, naye anauliza, "Ziwa liko mlangoni, maji chumvi unayafuatia nini?" Anataka niende FETA Nyegezi, chuo cha uvuvi hapa Mwanza, nikachukue stashahada ya uvuvi. Mimi nataka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Simbishii kwa dharau, hela yake ni jasho la usiku. Je, mtu wa ziwani ana faida gani kusomea bahari?

Bamvua:
Mdogo wangu, nilisoma pale UDSM shahada ya sayansi ya viumbe maji na uvuvi. Maji chumvi unasoma, na maji baridi pia unasoma. Jiandae na takwimu, ndizo zinazowatoa watu jasho kuliko baiolojia. Kwenye vitendo, ratiba anayepanga ni bahari: maji yakipwa alfajiri, alfajiri hiyo uko ufukweni na fremu yako ya mraba, unahesabu majani bahari na konokono kabla maji hayajajaa. Kwa mtu wa Mwanza hilo ni geni kabisa, maana ziwani hatuoni kupwa na kujaa.

Ila usidhani unaanza sifuri. Sangara alipandikizwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa letu, wa aina nyingi mno walikuwa wametoweka. Wakati huohuo mbolea na maji taka vikaingia ziwani, vijimea vya majini vikashamiri, vikifa vinaozea chini na kumaliza oksijeni. Mkasa huo unafundishwa vyuoni duniani kote, nawe umekulia ndani yake. Ukifika kwenye matumbawe ya Afrika Mashariki yaliyokufa kwa joto la maji mwaka 1998, utaelewa haraka jinsi badiliko moja linavyovuta mengine.

Mzee wa Mwaloni:
Kijana wangu, shikamoo ya mjomba wako usiipunguze. Nyegezi si mahali pa walioshindwa. Wanaotoka pale wanajua nyavu, boti na uhifadhi wa samaki kwa mikono yao, na wapo walioendelea hadi shahada. Kaa naye mzungumze gharama, na uombe Bodi ya Mikopo mapema. Jingine, jifunze kuogelea sasa hivi. Watoto wengi wa ziwani hawajui, na kazi hii ni ya majini.

Mtoto wa Igombe:
Nashukuru sana, shikamoo mzee. Dada Bamvua, nikimwambia mjomba habari za matumbawe anaona ni mambo ya watalii. Nianzie wapi?

Bamvua:
Anzia kwenye dagaa wake. Mwambie watafiti wa ziwa letu hukadiria wingi wa dagaa na sangara kwa kurusha sauti majini kutoka kwenye meli na kupima mwangwi unaorudi, na baharini hutumia njia hiyohiyo. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania, wana kituo hapo Mwanza. Mwombe muende wote wawili, yeye aulize maswali yake ya mvuvi, wewe uulize ya mwanafunzi. Dirisha la udahili halijafungwa, nendeni wiki hii.