Jaribio la tiba ya usingizi isiyotumia dawa: nikiangukia kundi la kijitabu je?

Mkesha
Wanajukwaa, habari zenu. Kwa zaidi ya mwaka sasa usingizi naupata kwa taabu, na chuo kikuu kimoja kimenialika katika jaribio la tiba ya tatizo hilo isiyotumia dawa. Fomu ya ridhaa ina kurasa tisa, na ukurasa wa nne unasema kwamba washiriki watagawanywa kwa bahati nasibu: kundi la kwanza litakutana na mtaalamu kila wiki kwa wiki sita, na la pili litapewa kijitabu cha kanuni za kulala vizuri. Hapo ndipo nilipokwama. Katika majaribio ya dawa kuna kidonge bandia ambacho mgonjwa hawezi kukitofautisha na cha kweli, lakini mtu aliyekabidhiwa kijitabu si anajua papo hapo kwamba yeye ndiye aliyekosa? Utafiti wa namna hiyo una uzito gani?

MezaYaTakwimu
Ndugu Mkesha, umegusa palepale panapowaumiza vichwa watafiti wa fani hii. Mazungumzo hayafichiki kama kidonge. Anayeweza kufichwa ni mpimaji, na ndiyo maana atakayekupigia simu kukuuliza ulivyolala hatakuwa yule aliyekutibu, tena ataanza kwa kukuomba usimtajie kundi lako. Hata hivyo, kwa kuwa jibu unalitoa wewe mwenyewe, na wewe unajua ulichopewa, ufichaji huo unasaidia kwa sehemu tu.

Linganisha na utafiti wa kuzuia kisukari uliochapishwa Marekani mwaka 2002, wenye washiriki 3,234. Waliobadili mlo na kufanya mazoezi walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, na waliomeza metformini, dawa ya kushusha sukari, kwa asilimia 31, wote wakilinganishwa na waliopewa kidonge bandia. Wale wa mazoezi walijijua fika, ila kilichopimwa ni sukari katika damu, na sukari haijui imo katika kundi gani.

Mimi ningeuliza zaidi kuhusu hilo kundi la pili. Mtu aliyesikilizwa kwa saa kadhaa anaweza kupata nafuu kwa kule kusikilizwa tu, ilhali mwenzake ameachiwa karatasi. Kwa hiyo watafiti makini hulipatia kundi la ulinganisho muda uleule na mtaalamu, wakizungumzia mambo mengine ya afya. Kijitabu kina kasoro, lakini kinaizidi orodha ya kusubiri, ambayo humfanya mtu aache hata kujisaidia kwa kuwa zamu yake inakuja.

Pasi_Moto
Nilishiriki jaribio linalofanana na hilo. Usidhani kwamba pasipo dawa hapana madhara. Niliagizwa nisipande kitandani kabla ya saa saba usiku, na saa kumi na mbili asubuhi niwe nimeamka, hata kama sikufumba jicho, kisha niyaandike yote katika shajara ya usingizi. Siku ya nne nilisinzia nimesimama, nikipiga pasi shati, na alama ya pasi ipo kwenye shati hilo hadi leo. Kufikia wiki ya tano nilikuwa nikilala mfululizo, lakini zile siku za mwanzo zilikuwa ngumu kuliko nilivyoambiwa.

Ridhaa
Kuna jambo limesahaulika: tiba hii ya kubadili fikra na tabia kuhusu usingizi haipatikani katika majaribio pekee. Tangu mwaka 2016 chama cha madaktari wa tiba ya ndani cha Marekani kinaipendekeza itangulie dawa kwa watu wazima wenye tatizo sugu. Kwa hiyo waulize kama kundi la kijitabu litapewa tiba baada ya vipimo vya mwisho. Pia unaweza kujitoa wakati wowote bila kueleza sababu.

Mkesha
Nawashukuru nyote. Nimempigia simu mratibu, naye amethibitisha kwamba kundi la kijitabu hupewa tiba baada ya miezi sita. Kisha akaniuliza kazi yangu, nikamwambia naendesha basi zamu ya alfajiri. Kumbe madereva hawapokelewi, kwa sababu ya hizo siku za mwanzo alizozitaja Pasi_Moto. Imeandikwa ukurasa wa saba. Mimi nilikuwa nimeishia wa nne.