Mrejesho: Kulipia huduma ya kutangaza kitabu pepe Amazon

Wakuu, huu ni mrejesho wa lile swali langu: ofa ya kutangaziwa kitabu pepe kwa dola 500, nilipe au niache? Nimeacha. Hesabu yenyewe hii hapa.

Pale Amazon, kitabu cha dola 2.99 chenye mrabaha (mgawo wa mwandishi kwenye bei) wa asilimia 70 kinamwachia mwandishi kama dola 2, baada ya kukatwa ada ya ukubwa wa faili. Kurudisha 500 kunataka nakala 250 hivi. Mnunuzi akiwa Kenya au Tanzania, mrabaha ni asilimia 35, dola moja na senti kidogo, kwa hiyo nakala zinakaribia 480. Ukishusha bei chini ya dola 2.99, mrabaha ni asilimia 35 kila mahali.

Upande wa matangazo ya kulipia kila mbofyo: mbofyo ukiwa senti 40, na katika watu kumi akanunua mmoja, umetoa dola 4 kupata 2. Hapo kuongeza bajeti ni kuongeza hasara. Anza na jalada na maelezo ya kitabu, kwa sababu mtu ameshafika kwenye ukurasa wa kitabu na hajanunua.

Kwenye ofa hiyo, kipengele cha "maoni 50 ya nyota tano" ndicho kibaya kuliko vyote. Amazon wanakataza maoni ya kununua. Wanayafuta, na akaunti inaweza kufungwa. (Aliyekuuzia yeye hapotezi kitu.)

Atakayeamua kulipa, matangazo yaendeshwe kwenye akaunti yake mwenyewe, aone mibofyo na mauzo kila siku, na alipe kwa awamu.