Mrejesho: maji ya tumboni yanayojirudia kwa baba mwenye sirosisi ya ini (ini lililojaa makovu)

Ndugu zangu, nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza la kufanya baada ya tumbo la baba kuendelea kujaa maji licha ya kutumia spironolaktoni na furosemidi (dawa za kutoa maji mwilini kwa mkojo). Tulipunguza chumvi na kuacha ibuprofeni, dawa ya maumivu inayoweza kufanya mwili uhifadhi maji, aliyokuwa akimeza kwa ajili ya magoti (daktari hakuwa na habari nayo), lakini maji yalirudi. Kilichomsaidia ni kutolewa maji kwa sindano, lita 7 kwa mara moja, huku akiwekewa kwenye mshipa albumini (protini ya damu inayosaidia presha isishuke) gramu 8 kwa kila lita iliyotolewa, na safari hii presha haikushuka. Hutolewa maji hivyo tena kila baada ya wiki 3. Mrija unaowekwa ndani ya ini kupunguza shinikizo la damu (TIPS) madaktari wameukataa, kwa kuwa alishawahi kuchanganyikiwa akili kutokana na ugonjwa huu, na mrija unaweza kuzidisha hali hiyo. Sasa anapimwa kwa ajili ya kupandikizwa ini.