Mjadala: Filamu ya Rafiki ingefaa kuoneshwa Dar?

Binti Magomeni (mtoa mada)
Wadau, salaam. Jana usiku nimeitazama Rafiki, ile ya Mkenya Wanuri Kahiu. Kwa ambao hawajaiona: Kena na Ziki ni wasichana wa mtaa mmoja Nairobi, shule wamemaliza, wanasubiri matokeo. Baba zao wanagombania kiti kimoja cha uchaguzi. Wao wanapendana, mapenzi ya kwanza, yale ya kucheka bila sababu. Mtaa unajua, mtaa unawapiga. Mwaka 2018 ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa tamasha la Cannes, na nyumbani kwao ikafungiwa. Nililia Kena alivyorudi uso umevimba na wazazi wanagombana wao kwa wao badala ya kumpangusa damu. Swali langu: sisi watu wazima wa Dar tunashindwa nini kuitazama ukumbini tukaijadili? Nawasilisha.

Mkongwe wa Kigogo
Tunashindwa kwa sababu si mila yetu, dada. Wenyewe waliotengeneza wameikataa. Mpaka leo hakuna Mkenya aliyeiona ukumbini. Sasa sisi tuipokee kama nani?

Kijana wa Sinza
Mzee wangu, hapo umeteleza. Septemba 2018 Mahakama Kuu ya Nairobi iliifungulia siku saba, watu wakapanga foleni. Jaji alisema haamini kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha kutikiswa misingi yake na filamu. Baada ya zile siku saba ikarudi kifungoni. Na kilichowaudhi wenye bodi ya filamu ya Kenya ni mwisho wake. Walitaka ubadilishwe, wasichana waonekane wanajuta. Kahiu akakataa. Kumbe wangelia na kutubu, ingepita!

Mkongwe wa Kigogo
Siku saba ni nini? Futari ya wiki moja haimfanyi mtu kuwa amefunga Ramadhani. Na hilo jina ndilo linaloniudhi kuliko yote. Rafiki! Neno safi la Kiswahili wamelichafua. Wangeiita Shoga tujue moja.

Mama Nargis, Ilala
Wewe mzee, shikamoo, lakini hapo umenigusa pabaya. Shoga ni neno langu mimi. Nina shoga yangu wa miaka 31, tumevaa sare kanga kwenye harusi zote za mtaa huu, amenishika mkono nikijifungua mara nne, mume wangu alipofariki alilala kwangu eda nzima. Nikiita "shoga" dirishani anaitika. Ninyi wanaume ndio mlilichukua neno letu mkalifanya tusi la kutukania wenzenu. Anzeni kulirudisha kabla hamjaja kulilinda la "rafiki".

Kijana wa Sinza
Mama, heshima yako. Na jina lile lina sababu. Mwongozaji alieleza kwamba watu wa namna hiyo kwao hawawezi kumtambulisha mwenza wao, wanasema tu "huyu ni rafiki yangu". Neno limebeba kilichofichwa.

Mama Nargis, Ilala
Mimi sijafika huko, mwanangu. Filamu sijaiona na dini yangu naijua. Nimesema la shoga tu.

Wakili wa Mtaa
Turudi kwenye mada. Kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, huwezi kuonesha filamu hadharani bila kibali cha Bodi ya Filamu. Ukiwaza Kanuni ya Adhabu inavyosema juu ya mapenzi ya jinsia moja, na Zanzibar sheria yao imewataja hadi wanawake, sioni ofisa atakayetia sahihi. Hilo ni jibu la kisheria. Lakini kuna jambo linanikereketa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama ya Rufani ilithibitisha mwaka 2019 kwamba vifungu hivyo vinavunja Katiba. Kwa hiyo tuna jamii inayoona binti wa miaka 15 anaweza kuwa mke wa mtu, ila mwanamke wa miaka 40 hawezi kutazama filamu kuhusu moyo wa msichana.

Mkongwe wa Kigogo
Usichanganye maharage na mchele, mwanasheria. Ndoa ni ndoa. Binti zetu hawaharibiwi na ndoa, wanaharibiwa na bweni. Huko ndiko mambo haya yanakoanzia, kila mtu anajua. Watoto wa kike mia nne wamefungiwa ndani ya ukuta mmoja miaka minne, mnategemea nini?

Bweni Lilinilea
NIMESUBIRI mtu aseme hili. Mzee, nimekaa bweni miaka sita, kidato cha kwanza mpaka cha sita. Baba yangu ni mvuvi, nyumbani tulikuwa tunalala sita chumba kimoja. Bweni ndiko nilikopata kitanda changu peke yangu kwa mara ya kwanza, na taa ya kusomea mpaka saa nne usiku. Leo ni mhandisi wa maji. Kila ninapotaja nilisoma wapi, kuna mwanaume ananitazama kwa kicheko kile. Mnajua mnatuambia nini? Kwamba wasichana wakikaa pamoja bila mwanaume lazima kuna uchafu. Huo uchafu uko kwenye macho yenu.

Baba Pacha, Mbagala
Pole dada, lakini serikali nayo iliona tatizo la bweni. 2023 walizuia bweni.

Bweni Lilinilea
Walizuia kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, kaka. Watoto wanaohitaji mama wa kuwafunga vifungo vya shati. Usiuchukue waraka ule ukautupia wasichana wa sekondari.

Baba Pacha, Mbagala
Sawa, nimekubali marekebisho. Ila mimi wangu wa kidato cha pili anasoma kutwa na nalala kwa amani. Jioni namwona kwa macho yangu.

Dada wa Chanika
Unamwona saa ngapi, baba Pacha? Wa kwangu anatoka saa kumi alfajiri. Kituoni konda anasimama mlangoni, "wanafunzi wawili tu!", kwa sababu mwanafunzi analipa 200 na mtu mzima analipa zaidi. Magari matatu yanampita. Akifika amechelewa, anapigwa. Jioni vilevile, anaingia saa mbili usiku. Kati ya hapo kuna bodaboda wangapi wanaomwambia "panda bure mrembo"? Nyie mnahofia msichana mwenzake. Mimi namhofia wa pikipiki, na sijaona bodi inayomfungia.

Konda Mstaafu
Msitulaumu makonda kwa kila kitu. Tajiri anataka hesabu yake jioni. Ukipakia wanafunzi kumi unakula hasara na faini ya trafiki juu. Mwambieni tajiri.

Dada wa Chanika
Tajiri simjui. Ninayemwona ni wewe unayemsukuma mtoto kwa kiwiko.

Konda Mstaafu
Sijawahi kumsukuma mtoto. Niliacha kazi hiyo kwa sababu hiyohiyo.

Binti Magomeni (mtoa mada)
Jamani, daladala ni mada nzito, ila ifunguliwe uzi wake. Narudi kwenye filamu. Mle ndani kuna mama mwenye kibanda cha chakula, kazi yake kutazama nani anapita na nani. Huyo ndiye aliyenitisha, maana namjua. Yuko Magomeni, yuko Manzese, yuko kila mahali. Anaanza kwa kusema "mimi sisemi kitu, nauliza tu", mwisho watu wana mawe mkononi. Sikuomba mtu ageuze imani yake. Nauliza kama tunaweza kutazama mtoto wa mwenzetu anapigwa na tukaona ni kupigwa.

Mkongwe wa Kigogo
Kupiga sikubaliani nako. Sijasema watoto wapigwe. Zamani kwetu Wazaramo mwali alikuwa na kungwi, ana somo, anafundwa, anaulizwa. Siku hizi hakuna wa kumwuliza, ndiyo maana anaulizwa na mtaa. Hilo nalikiri.

Mwalimu wa Zamani
Nimesoma kimya tangu juzi. Nilikuwa matroni wa bweni la wasichana, shule siitaji. Mwaka 1994 nililetewa barua, wasichana wawili wa kidato cha tatu wameandikiana. Barua ya watoto tu. Mmoja amemchorea mwenzake ua la mwasumini, amemwambia likizo itakuwa ndefu bila yeye. Nilisoma mstari mmoja, nikaipeleka ofisini. Wakachapwa mbele ya mstari wa asubuhi, shule nzima ikitazama, na mimi nikihesabu viboko kwa sauti. Wote wawili wakaondolewa. Sijui hata kama palikuwa na mapenzi au upweke wa watoto walio mbali na kwao. Hakuna aliyewauliza. Dada mhandisi, bweni sikuliona baya, niliogopa lawama ya wazazi. Filamu yenu nimeanza kuitazama jana. Walipoanza kuwapiga nikaizima.

Bweni Lilinilea
Mwalimu, shikamoo. Wale wasichana umewahi kuwaona tena?

Mwalimu wa Zamani
Marahaba, mwanangu. Mmoja, Kariakoo, Mtaa wa Kongo, anauza vitenge. Alinitambua kabla sijamtambua, akanipunguzia bei bila mimi kuomba. Nilitaka kumwuliza habari za mwenzake, mteja mwingine akaja.

Mama Nargis, Ilala
Rudi dukani, mwalimu. Mtaa wa Kongo si mbali.

Baba Pacha, Mbagala
Na filamu, mtoa mada, unayo kwenye flashi? Nataka kuiona kabla sijaendelea kubishana.