Linnea, Zinnia au Dahlia: lipi lina asili ya mmea kweli?

Mzazi Mtarajiwa: Ndugu zangu, tunatarajia mtoto wa kike, na majina tuliyobaki nayo ni Linnea, Zinnia na Dahlia. Yote ni ya maua na yote ni nadra. Mwenzangu ameshikilia Dahlia, ilhali mimi napenda Linnea. Naomba mtusaidie kuyapima: lipi lina asili ya mmea kweli?

Mpenda Mimea: Ukiyafuatilia, yote matatu yametokana na majina ya ukoo ya wanaume. Dahlia ni kumbukumbu ya Anders Dahl, Mswidi aliyefariki mwaka 1789, na Zinnia ni ya Johann Gottfried Zinn, Mjerumani aliyechunguza muundo wa jicho na kufariki mwaka 1759 akiwa na miaka 31 tu. Linnea ni la Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, ambaye Dahl alikuwa mwanafunzi wake. Hata hivyo, ukoo wa Linnaeus wenyewe uliitwa hivyo kwa sababu ya mti, kwani baba yake, Nils, alilitunga jina hilo kutokana na mlindeni mkubwa uliokuwa kwenye ardhi ya familia. Jina likatoka mtini likawa la watu, kisha Mholanzi Jan Frederik Gronovius akalirudisha kwenye mmea, yaani ua dogo la misitu ya kaskazini linalochanua kengele mbili za rangi ya waridi juu ya kikonyo kimoja, na kutoka hapo likawa la wasichana. Kwa kigezo chako, hilo ndilo linaloshinda.

Sikio la Lugha: Nakubaliana na ndugu aliyetangulia, ila kuhusu unadra nina neno. Linnea si nadra hata kidogo nchini Uswidi, ambako wengi hulibeba, mara nyingi kama jina la pili. Ugeni wake huanza nje ya nchi za kaskazini mwa Ulaya. Dahlia nalo hutamkwa sawa na Dalia, neno ambalo kwa Kiarabu ni mzabibu, kwa hiyo wengi watadhani ndilo hilo. Zinnia, samahani, nisingempa mtoto atakayekua miongoni mwa Waswahili: hakuna darasa litakalokosa mtundu wa kulinyambua kutoka kitenzi «kuzini».

Mzazi Mtarajiwa: Zinnia nimeshalifuta. Nachohofia sasa ni kwamba mwenzangu akisikia habari ya mzabibu, atazidi kuling'ang'ania lake.